Mabuti ya Kupeleka Lusangi

Mwaka jana mvua ilikata barabara ya Salamabila, pikipiki zikashindwa kupita, na sisi wasafiri wachache tukaamua kwenda Lusangi kwa miguu. Mchuuzi mmoja aliyeizoea njia hiyo alitwambia tufungue mifuko kwanza.

"Mzigo mwepesi hapa, kule mlimani unageuka jiwe," alisema. "Toeni kila kitu chenye hamutatumia mu njia."

Mimi nilitoa pasi na viatu vya kanisani. Mama kijana mwenye kitambaa cheusi kichwani alitoa sufuria, akatoa blanketi, akatoa hata vitenge vyake. Mfukoni yakabaki mabuti ya mpira, makubwa, yamejaa udongo mwekundu.

"Na hayo, mama?" mchuuzi aliuliza. "Yako mazito, tena ni ya mwanaume."

"Ni ya bwana yangu."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Iko mu shimo la madini. Lilibomoka. Walichimba kumutafuta mpaka wakachoka." Alisema taratibu, akiyafuta udongo kwa kiganja. "Mama yake iko Lusangi, ananingojea. Lazima nimupelekee kitu cha kuzika."

Mchuuzi aliufunga ule mfuko yeye mwenyewe, akaubeba kifuani, wake ukiwa mgongoni, akatangulia.

Tulipofika Lusangi, mama mkwe wake alitutokea mlangoni. Aliyapokea mabuti kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani, akayalaza kitandani na kuyafunika shuka.

Zamani mimi pia, kama yule mchuuzi, nilikuwa napenda kuwashauri wasafiri wenzangu wapunguze mizigo. Siku hizi nawaacha wafunge mifuko yao wenyewe.