Vile Nilimuogesha Mama Mukwe Kwenye Lualaba

Haya ninayo, tusidanganyane, lakini aibu ya siku ile imeshanichosha kuibeba, na kwa vile watu wote wa Nyangwe wanaijua habari tayari (kila mumoja kwa namna yake, na kila mumoja anaongeza chumvi), afazali muisikie kwangu mwenyewe. Ndiyo, ni mimi niliyemuogesha mama mukwe wangu kwenye muto wetu wa Lualaba, muchana kweupe, mbele ya watu, na nguo zake za sherehe mwilini.

Wakati ule nilikuwa namuchumbia Mwamini, binti wa ng'ambo ya muto. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la familia lilikuwa kwa mama yake, na musemaji wao alikuwa mujomba Radjabu, kaka ya yule mama. Taabu ni kwamba sikuwa peke yangu: kulikuwa na kijana mumoja wa biashara ya zahabu kule Salamabila, mwenye pikipiki zake, naye alishatuma watu. Mimi niko na nini? Boti moja ya mbao yenye motere nyuma, basi. Familia ikasema itavuka siku ya Ijumaa, ione kwetu, ikae na wazee wangu, halafu ikate neno ni nani atapewa Mwamini. Nikasema vizuri, nitakuja kuwachukua mimi mwenyewe.

Sasa boti yangu ilikuwa na tabia mbaya. Ukifungua gazi ili motere ikimbie, nyuma inakaa chini, pua inapanda, na mimi ninayeshika motere sioni tena mbele, naona mbao na mawingu tu; nilishapanda juu ya muchanga zaidi ya mara moja na abiria wakanitukana mpaka nyumbani. Nikafikiri, siku ya wakwe nipande tena juu ya muchanga? Hapana. Kwenye telefone nilishaona boti za wazungu zenye flapu, yaani vibati viwili vinavyofungwa nyuma, chini kabisa, vimeinama kidogo, na maji yakipita kwa nguvu yanavisukuma, nyuma inainuka na pua inashuka. Kitu rahisi hivi. Nikakata pipa la zamani la mafuta, nikatafuta bawaba za mulango (mulango wa nani, tuache), nikavifunga na vyuma visicheze. Rafiki yangu aliniambia nianze na vidogo, nikamujibu kwamba vidogo ni vya mutu asiye na muchumba, nikakata vipana kama sinia za pilau.

Nikajaribu peke yangu, na mifuko ya muhogo katikati ya boti, na wallahi iliteleza. Pua chini, macho yangu mbele, watu kivukoni wananipigia makofi. Nililala nikijiona kapiteni.

Kumbe kuna kitu sikukiweka kwenye hesabu, na kitu hicho ni heshima. Kwetu mwanaume na mama mukwe wake hawakaribiani. Hamushikani mukono, hamuangaliani usoni, hamusemezani. Ukiwa na neno, linapitia kwa mutu wa katikati. Mimi nilikuwa bado muchumba tu, lakini yule mama anashika desturi kuliko waliotunga desturi yenyewe. Ijumaa ile walipopanda boti, mukwe yuko nyuma kwenye motere, basi yeye akaenda kukaa mbele kabisa, kwenye pua, akanipa mugongo. Mashangazi wa Mwamini wakamufuata, maana wamuacheje peke yake? Mujomba Radjabu akakaa miguuni mwao, na mizigo yote, muchele na mikungu ya ndizi, ikaenda hukohuko. Nyuma nikabaki mimi na bidoni ya esanse, mafuta ya motere. Na nilifurahi, mujue, nikasema hii ndiyo familia yenye adabu.

Katikati ya muto tulienda polepole, vizuri. Tulipokaribia Nyangwe nikaona watu wamejaa kivukoni, wazee wangu wamevaa kanzu, nikasema sasa ndiyo saa ya kufika kama mwanaume, nikafungua gazi. Flapu zikafanya kazi yake kwa moyo wote: nyuma ikainuka, pua ikainama, na mashangazi (ni watu wa kushiba wale) wakaisaidia kuinama. Maji yakaanza kuingia mbele. Sasa mimi tangu zamani nimezoea kwamba ukitaka pua ipande, unaongeza gazi. Nikaongeza. Pua ikashuka zaidi.

Ningepiga tu kelele, mama rudi nyuma. Lakini nitamusemezaje? Nikapita njia ya adabu, nikamuambia mujomba Radjabu amuombe mama asogee katikati. Na mujomba, Mungu amupe maisha marefu, ni musemaji wa kweli, kufupisha hajui: akakohoa, akamuambia dada yake kwamba mukwe anamusalimu, anauliza hali yake ya safari, na kwamba, kama haitamuuzi, ana ombi dogo. Wakati huo ndizi zilikuwa zimeanza kuelea. Mama akajibu kwamba salamu amepokea, ila atasogea namna gani na nyuma iko mukwe? Mujomba akageuka kuniletea jibu, na kabla hajafungua kinywa pua ikaenda chini moja kwa moja, sote tukajikuta ndani ya Lualaba.

Tulikuwa karibu na inchi kavu, maji yanafika kifuani, mashangazi wakasimama wakaanza kunilaani kwa zamu. Mama peke yake akateleza, maji yakaanza kumuchukua, na aliyekuwa karibu naye ni nani? Ni mimi. Nikanyoosha mukono, nikakumbuka desturi, nikaurudisha, nikakamata ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni nikijiambia kikwembe si mutu. Kikwembe kikaja. Mama hakuja. (Alivaa viwili, kama mama yeyote wa heshima, musifikiri mabaya.) Kivuko kizima kikapiga kelele, na mimi nimesimama majini nimeinua nguo ya mama mukwe kama bendera.

Hapo ndipo aliponisemeza kwa mara ya kwanza. Akanigeuzia uso, maji yanamutoka puani, akaniangalia machoni.

"Weye mutoto, unashika nguo na mwenye nguo anaenda? Nishike mukono!"

Nikamushika, nikamubeba mugongoni mpaka juu ya muchanga, na wazee wangu wote wakaangalia chini kama kuna kitu wamepoteza pale.

Kikao kilifanyika hivyohivyo, wakwe wamevaa nguo za kuazima za dada zangu, na mimi nimejificha nyuma ya nyumba, moyo umeshamuaga Mwamini. Nikasikia wazee wangu wanaomba musamaha na kutoa mbuzi wa kusafisha desturi iliyovunjika. Nikasikia mujomba anaanza hotuba, na mama akamukata, akasema mwenyewe, kwa sauti ya kunifikia kule nyuma.

"Yule wa Salamabila sijui angefanya nini. Huyu nimemuona. Aliogopa desturi, halafu akaogopa zaidi kunipoteza. Mwamini nimemupa."

Nililia, sifichi. Flapu nilizing'oa jioni ileile, na sitafunga tena kitu nilichokiona kwenye telefone. Na siku hizi abiria akipanda boti yangu, awe shehe, awe chefu wa kijiji, namupanga mimi mwenyewe mahali pa kukaa, heshima tutaikuta ng'ambo. Hata mama mukwe anakaa katikati, karibu yangu kabisa. Anaangalia muto, naangalia muto, na hatusemezani.