Doa la bluu kwenye gauni la Konsolata

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi, kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko la Ifakara, Beno Matimbwa anafuta kioo cha meza yake kwa mara ya tatu. Anamimina spiriti kwenye pamba, anaanzia kona ya kulia, anakwenda hadi ya kushoto, kisha anainama na kukikagua kwa jicho moja. Hakuna vumbi. Anafuta tena.

"Leo mniache," anawaambia wenye duka wanaomcheka. "Leo nina mtihani."

Mtihani wenyewe ni gauni. Saa tatu atampaka rangi kucha bi harusi, Eliza, binti wa miaka ishirini na mmoja kutoka Malinyi, na Eliza atakuwa amevaa gauni la harusi la mama yake. Beno analijua gauni hilo. Miaka ishirini na miwili iliyopita alilitia doa kwa mikono yake mwenyewe, akaondoka bila kusema neno. Hadi leo hajamwomba radhi mwenye gauni.

Beno, mwenye umri wa miaka 46, hupaka rangi kucha za wanawake wa bonde la Kilombero. Kazi hii aliianza mwaka 2002, baada ya msimu mmoja wa kukata miwa Kidatu, ambako alipoteza kucha mbili za mguu na hamu yote ya kushika panga. Alinunua chupa sita za rangi na kikapu cha ukindu, akaenda mahali ambapo watu walikuwa na muda mwingi kuliko fedha. Alikwenda kivukoni.

Vijana wa leo ukiwasimulia wanadhani unawatania. Kabla ya daraja la Mto Kilombero, aliyetaka kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alingoja kando ya mto pantoni ya kuvusha watu na magari. Kungoja saa moja ilikuwa bahati, saa tatu ilikuwa kawaida. Masika, mto ukijaa, mtu alifika na mahindi mabichi akaondoka ameshayachoma, ameshayala na amepata mashemeji. Mwandishi wa makala haya alikula pale samaki wa kukaanga akiwa mwanafunzi, na hajawahi kupata wengine wa namna ile. Pengine utamu ulikuwa wa njaa, lakini anautamani hadi leo.

"Pale mteja hakuwa na pa kwenda," anasema Beno akicheka. "Dada ameketi juu ya gunia la mchele, mume yuko kwenye foleni, mtoto amelala. Nikimwambia dada, lete mkono, analeta. Jumamosi nilipaka hadi watu ishirini na tano. Shilingi mia tatu, mikono yote miwili."

Meza yake ilikuwa ubao wa kuweka magotini, kipande alichopewa na fundi wa mitumbwi. Aliupaka rangi ya mafuta ya bluu iliyobaki kwenye kopo la fundi huyohuyo, akauona mzuri kuliko meza ya mhasibu. Hakuufunika kwa kitu chochote. Aliufuta kwa maji ya mto, kwa kitambaa kimoja tangu asubuhi hadi jioni, magamba ya samaki yakiwa yametapakaa kila upande.

Mwishoni mwa Mei 2003 ukafika msafara wa harusi. Bi harusi alikuwa Konsolata, msichana wa Ifakara aliyekuwa akienda kufunga ndoa parokia ya ng'ambo. Gari lao lilikuwa limenasa matopeni, na bi harusi mwenyewe alishuka, akafunga kanga juu ya gauni, akasukuma na wenzake. Gari lilitoka. Rangi ya kucha zake nayo ilitoka.

Wakiwa kwenye foleni nyuma ya malori ya mpunga, msimamizi wa bi harusi akamwita kijana mwenye kikapu. Beno akaanza kwa kufuta rangi iliyobanduka kwenye mikono yote miwili kwa asetoni, na matone machache yakaangukia ubao. Asichokijua ni kwamba asetoni haichagui. Kama inavyoyeyusha rangi ya kucha, ndivyo inavyoyeyusha rangi ya ubao. Bluu ikawa uji, na mkono wa gauni, wa lesi nyeupe, ukalala juu yake wakati anapaka.

"Alipoinua mkono niliona bluu," anasema. Hacheki tena. "Pana kama kiganja cha mtoto. Msimamizi akapiga kelele, watu wakashuka kwenye magari kuja kutazama. Mimi nikakusanya kikapu changu nikapita katikati ya malori. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilitamani mto unichukue."

Baada ya siku hiyo alimwona Konsolata akivuka mara kadhaa, na kila mara alijificha. "Mtu mzima, ndevu zimeota, nimechuchumaa nyuma ya tairi la lori nikingoja mwanamke apite," anasema.

Aibu ile ndiyo iliyomfundisha kazi. Ubao wa bluu aliutia motoni usiku uleule. Mwingine alioupata hakuupaka rangi, na aliutandika kitambaa cha mpira, juu yake taulo safi, juu ya taulo karatasi nyeupe inayobadilishwa kwa kila mteja. Karatasi moja, mteja mmoja. Taulo alizifua mwenyewe kila jioni, akazichemsha. Wenzake kivukoni walimwita Padri, kwa vile hakuna mwingine waliyemwona akitandika meza kwa heshima kiasi kile.

Siku hizi mahali pa kitambaa cha mpira pana kioo, ambacho asetoni haikiwezi. Unga wa kucha zilizopigwa tupa haufuti kwa mkono wala haupulizi. Huufunga ndani ya karatasi na kuutupa. Chupa za rangi hukaa kwenye sinia pembeni, kamwe si mbele ya mteja. "Meza ikiwa chafu, mteja anaondoka na ugonjwa wa mwenzake," anasema. "Na nguo yake ni hiyohiyo aliyokuja nayo, ikipata doa hana ya kubadilisha."

Daraja lilipofunguliwa, magari yaliacha kusimama mtoni, na Beno akahamia mjini. Halaumu. "Dada yangu alijifungulia pale kivukoni, mvua inanyesha, pantoni iko ng'ambo. Nitalisemaje vibaya daraja?" Kisha anaongeza, "Ila watu wanavuka mto siku hizi bila hata kuuona. Zamani tulijuana kwa majina."

Kwa siku hupata wateja wanne au watano. Rangi ya kawaida ni shilingi elfu tatu, kucha za jeli elfu kumi na tano. Baraza analipia elfu thelathini kwa mwezi. Ndoto yake ni chumba kidogo chenye bomba la maji, aachane na kubeba ndoo.

Wiki tatu zilizopita mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza yake, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wewe si Beno wa kivukoni?"

"Nilitaka kusema hapana," anakiri Beno. "Ulimi ukakataa."

Konsolata hakukaa. Alimweleza kwamba binti yake anaolewa hapa Ifakara, kwamba atavaa gauni la mama yake, na kwamba atakayempaka kucha ni yeye Beno. Kisha akaongeza sharti. "Avae kwanza, ndipo umpake. Kama ulivyonipaka mimi."

Tangu siku hiyo, Beno anasema, hajalala vizuri.

Saa tatu na dakika tano wanafika. Eliza anashuka kwenye gari akiwa ameshika pindo la gauni, mama yake nyuma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Mkono wa kulia wa gauni, karibu na kifundo, una doa. Limefifia, limekuwa na rangi ya majivu, lakini lipo. Beno analiona na kuinamisha macho. Konsolata anamwona anavyoliona.

"Fundi cherehani alitaka kukata hapo aweke lesi mpya," anasema mama huyo. "Nikamwambia acha. Doa hilo ni dada yake Eliza, limemzidi umri."

Wote wanacheka isipokuwa Beno. Anatandika taulo, anaweka karatasi. Anakunja mikono ya gauni taratibu hadi juu ya viwiko, anaifunika kwa taulo nyingine mbili na kuzibana kwa vibanio vya nguo. Bi harusi sasa anafanana na mtu anayesubiri kunyolewa.

Kazi inakwenda. Tupa, brashi, pamba. Beno anamimina asetoni kidogo kwenye kikombe ili afute mafuta kwenye kucha kabla ya jeli, na wakati huohuo bodaboda inapita na kupiga honi kali. Eliza anashtuka. Kiwiko kinagonga kikombe, kikombe kinalala.

Beno anainua mikono miwili ya binti juu kama anayemnyanyua mtoto, anakamata pembe nne za taulo pamoja na karatasi, anaviondoa vyote mezani na kuviweka kwenye ndoo. Anafuta kioo. Anatandika taulo nyingine, karatasi nyingine. Haijafika hata nusu dakika. Gauni ni kavu.

"Ndiyo kazi ya taulo," anasema.

Saa nne na robo kucha ya mwisho inatoka chini ya taa ya kukaushia jeli. Beno anafungua vibanio na kukunjua mikono ya gauni. Konsolata anamsimamisha binti yake juani, anageuza mkono wa kulia, anageuza wa kushoto, anatazama pindo, kiuno, mgongo. Doa ni lilelile moja.

Beno amesimama. "Mama Eliza," anasema, "siku ile sikukuomba radhi. Nakuomba leo."

"Doa halikuniuma, Beno. Lesi ni lesi," anajibu Konsolata. "Nililia kwa sababu ulikimbia. Ulikuwa umenipaka mkono mmoja tu."

Hilo Beno hakulikumbuka. Miaka yote hiyo alikumbuka bluu peke yake.

"Nilifunga ndoa mkono wa kulia unang'aa, wa kushoto mtupu," anaendelea mama huyo. "Na pete nikavishwa huohuo mtupu. Mara nne nilipita pale kivukoni nakutafuta unimalizie. Kila nikiuliza naambiwa, alikuwa hapa sasa hivi."

Baraza zima linaangua kicheko, na Eliza ndiye anayecheka kuliko wote. Beno naye anacheka, huku anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Dereva anaita kwamba misa ni saa sita na picha bado. Konsolata hamsikilizi. Anavuta kigoda, anaketi, anaulaza mkono wa kushoto mezani.

"Na wa kulia?" anauliza Beno.

"Wa kulia ulishaupaka. Malizia kazi yako, halafu ufunge hapa uende ukaoge. Unakuja kanisani."

Beno anaitoa karatasi ya Eliza na kutandaza mpya. Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja wengi, na tayari wanawake wawili wamesimama kando ya baraza wakingoja zamu. Anawaambia warudi Jumatatu.

"Nitakuja," anamjibu Konsolata, akiushika mkono wake. "Na leo nitakaa mpaka mwisho."