Disketi Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Radi ya Migori haina adabu. Ilipiga nguzo ya stima nyuma ya ofisi yetu ya mifugo, ikapita kwenye waya, ikaua kompyuta yetu ya pekee. Ndani yake mlikuwa na orodha ya ng'ombe wote waliopigwa chapa: rangi, pembe, namba ya chapa, mwenyewe ni nani. Karani wa hiyo kompyuta nilikuwa mimi. Kwa hasira nilikipiga kiti teke, kiti kikaniumiza.

Asubuhi iliyofuata akaja mjane mmoja Mkuria. Maksai wake aliyeibwa alikuwa amepatikana na polisi kule Isebania, lakini mwanamume mwingine naye alidai ni wake. Polisi walisema atakayeleta karatasi ya ofisi yetu kabla ya kesho jioni ndiye atakayeondoka naye. Mvua ilikuwa inakaribia, na maksai aliyebaki nyumbani hawezi kuvuta plau peke yake.

"Nitolee hiyo karatasi niende," akaniambia, kama mtu anayeagiza chai.

Nikamweleza kwamba kompyuta imekufa ila nakala ya akiba ipo. Mkubwa wetu alitufunza kuwa nakala isikae nyumba moja na kompyuta, heri iwe mji mwingine kabisa. Ushauri mzuri sana, ila mtu pekee niliyemwamini katika mji mwingine alikuwa Homa Bay, naye alikuwa mama mkwe wangu. Mke wangu akienda kumsalimia mamake alibeba disketi mpya zenye nakala hiyo, akarudi na za zamani. Sasa alikuwa amejifungua juzi tu, hatoki. Ilibidi niende mwenyewe.

Anayejua ukwe wa Kijaluo ameshaanza kunicheka. Kwa mama mkwe huendi mikono mitupu, hufiki na kusema una haraka, na chumba chake cha kulala hukikaribii hata nyumba ikiwaka moto. Disketi zilikuwa chini ya kitanda chake.

Mjane alikataa kubaki Migori. Ng'ombe ni wangu, akasema, twende wote. Tukanunua sukari na nyama, tukashika njia. Mama mkwe alitupokea vizuri, na shida ilianzia hapo, kwa sababu mkwe akija lazima achinjiwe kuku, na kuku wa siku hiyo hakutaka kushikwa. Nilikaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, mikono magotini, nikisikia anavyofukuzwa nyuma ya nyumba. Mjane alinitazama kana kwamba wa kuchinjwa ni mimi.

Mwishowe akapaza sauti. "Mama, tumefuata zile disketi. Huyu mkwe wako anaogopa kusema."

"Haraka haraka haina baraka," mama mkwe akajibu kutoka jikoni. "Mtakula kwanza."

Tukala. Kisha mama mkwe akatoka chumbani amevaa gauni la kanisa, amekumbatia mkoba, na disketi hakuzitoa. Alisema kitu alichopewa akitunze hakiachi mpaka aone kimefika wapi, na isitoshe alitaka kumwona mjukuu. Tukarudi watatu kwa matatu, yeye akakaa mbele kabisa na mimi nyuma kabisa, kwa heshima.

Ofisini stima ilikuwa imerudi, nikatoa stoo kompyuta kuukuu tuliyokuwa tumeistaafisha. Mama mkwe akakaa mlangoni, mimi nikaipa kompyuta uso na yeye mgongo, jambo lililonisumbua sana, na mjane akasimama katikati akinipokeza disketi. Kompyuta ikaomba disketi ya kwanza, ikaimeza. Ya pili, ikaimeza. Ya tatu ikagoma, ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Niliirudisha, ikagoma tena. Mjane akaketi sakafuni, na mimi nilishikwa na woga ambao sikuwa nao hata radi ilipopiga. Nikapuliza vumbi kwenye mdomo wa mashine, nikaipangusa disketi kwa shati, nikaisukuma polepole. Ikanguruma kwa muda mrefu, kisha ikaendelea.

Nikatafuta jina lake. "Maksai mwekundu," nikasoma, "paji jeupe, pembe ya kushoto imekatika."

"Ndiye," akasema. Alfajiri aliondoka na karatasi kwenda Isebania.

Mama mkwe alilala kwa jamaa zake mjini, maana kulala kwangu ni mwiko. Siku ya kuondoka alipitia ofisini kuchukua disketi zake. Alishaanza kuziita zake. Alikuwa anazifunga ndipo mjane akatokea barabarani akimwongoza maksai, mwekundu, paji jeupe. Alituita tutoke tumwone. Nilifurahi nikataka kumkumbatia yule ng'ombe.

Mama mkwe alimzunguka, akamgusa paji. "Huyu ndiye alikuwa ndani ya disketi?"

"Ndiye, mama."

"Na wengine?"

"Wote wamo," nikajibu nikiwa mbali kidogo. "Kila ng'ombe mwenye chapa yetu."

Akautazama mkoba wake.

"Kumbe muda wote huu nalala juu ya ng'ombe wa watu na hakuna aliyeniambia." Kisha akamgeukia mjane. "Mwambie huyo mkwe wangu kuwa kuanzia leo kile chumba nakifunga kwa kufuli."