Mstari Mmoja kwa Kila Kaya

Nianze na kosa langu, ya wengine nitayasema mbele. Niliandika jina la baba yangu kabla ya jina la mwanangu.

Kazi yangu hapa Kacyiru, Kigali, ni kuingiza majina ya watu kwenye kompyuta. Nilimaliza sekondari nikaishia hapo, mimba ikanikuta. Mwaka ninaousimulia shirika letu lilikuwa linaleta madaktari wa masikio kwa siku tatu. Nafasi chache, wagonjwa tele, basi likatoka agizo: kila kaya mtu mmoja tu, mwenye hali mbaya kuliko wenzake. Muuguzi alimpa kila mgonjwa namba ya uharaka. Moja ni wa kuwahiwa, tatu anaweza kungoja. Mimi niliandika kila mgonjwa mstari wake: namba ya kaya, jina, uharaka. Halafu fundi wetu wa kompyuta, kijana Mkenya, akaandika amri moja ya SQL, lugha ya kuchambulia orodha. Mashine inakusanya mistari ya kaya moja, inaipanga kwa uharaka, inabeba wa juu. Iliyobaki inaachwa.

Mimi na binti yangu wa miaka mitatu tunakaa kwa baba, mtaa wa Kagugu. Kwenye karatasi hakuna mahali pa kuandika kwamba nilizalishwa nikaachwa. Sisi wote ni kaya moja, mkuu wake baba. Baba ni fundi cherehani. Sikio lake moja lilikuwa linatoa usaha na la pili zito, ukimwambia kitu unarudia mara tatu. Binti yangu yeye hageuki hata nikiangusha sufuria nyuma yake. Muuguzi aliwapa wote wawili namba moja, ila mimi alinivuta pembeni.

“Mama, huyu asichelewe. Umri wa kuingiza maneno ndio huu. Ukipita, utahangaika naye.”

Nilisikia vizuri. Na bado nilipokaa kuwaandika, nikaanza na mzee. Kwetu maji ya kunawa yanaanzia kwake, sahani ya kwanza yake, hata mlangoni tunampisha. Vidole vilikwenda vyenyewe. Baba, halafu mtoto. Sikufikiria hata kidogo.

Orodha ilipotoka asubuhi nikatafuta kaya yetu. Baba. Nikaangalia tena. Baba.

Nilimfuata yule kijana mezani kwake, anachovya mandazi kwenye chai.

“Umemtupa mwanangu.”

“Dada, tulia kwanza.”

“Usiniambie nitulie! Ana namba moja, yuko wapi?”

Akafungua, akaangalia. “Si hata mzee ako na moja? Wamelingana. Wakilingana mashine inachukua aliyeandikwa mbele.”

“Nani aliiambia hivyo?”

“Mimi. Lazima ingechukua mmoja.”

“Ungeniuliza, sha!”

“Kaya zote hizo, nipigie kila mama simu? Na dada, ni nani aliandika mzee mbele?”

Nilitaka kummwagia ile chai. Nikamwambia abadilishe.

“Imeshaenda hospitali. Mlangoni wanaangalia kitambulisho na orodha. Nikigusa kaya ya mfanyakazi, kesho wewe na mimi hatuna kazi.”

Sikuondoka. Nilisimama nyuma ya kiti chake mpaka akaongeza, kwa orodha zijazo, kwamba wakilingana uharaka, mdogo kwa umri atangulie. Ni maneno machache tu mwishoni mwa amri. Alipoijaribu kwenye orodha ileile, kwenye kaya nyingine bibi mmoja akapotea, akatokea mjukuu. Bibi huyo nilimwandika mimi. Alikuja ameshika shavu kwa maumivu. Kijana akahifadhi, nami nikarudi mezani kwangu.

Nilifika nyumbani nimepanga maneno. Nikamkuta baba anapiga pasi shati, simu iko juu ya meza, ujumbe wa hospitali umefunguliwa. Jirani alikuwa amesimama mlangoni.

“Wameniita!” baba anapiga kelele, kama wafanyavyo wasiosikia. “Nyumba nzima, wameniita mimi!”

“Hongera mzee,” jirani anasema, na kurudia. “Hongera!”

Tangu mama afariki sikuwa nimemwona baba akichagua shati. Ningemwambia nini? Kwamba nafasi ile ni ya mtoto? Hata angeiachia, mlangoni wasingempokea mtoto. Ingekuwa kumvunja moyo bure. Nikachukua pasi nikamalizia kola. Hasira yote niliyokuwa nayo iliishia kwenye kola ile, karibu niiunguze.

Alirudi siku ya pili sikio limesafishwa, na lile zito wamemwekea kifaa kidogo. Akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, anageuza kichwa huku na huku. Binti yangu alikuwa sakafuni analia kwa sababu nilimnyang’anya mkasi. Analia kwa sauti isiyopanda wala kushuka, ndivyo anavyolia siku zote.

Baba akamgeukia.

“Kumbe huyu analia hivi?”

“Ndivyo anavyolia.”

“Haisikii sauti yake?”

“Haisikii, baba.”

Akamnyanyua, akamweka mapajani. Mtoto akakigundua kile kifaa sikioni, akaacha kulia, akaanza kukivuta.

“Na huyu wanamwita lini?” baba akauliza.

Nilisema kwa sauti ya chini, nimegeukia ukuta. “Sijui.”

Safari hii sikuhitaji kurudia.