Gauni Nililomwazima

Katika grupu la familia yetu hakuna aliyesomea udaktari, lakini hakuna mgonjwa anayetuponyoka. Shangazi yangu aliwahi kufagia zahanati hapa Rumonge kwa miaka miwili, na hiyo ikamtosha. Ukituma picha yako tu, anaikuza mpaka aone mboni za macho, kisha anakuandikia una kisukari, una ini, jiandae.

Mwaka huu binti wa mjomba alituma picha akiwa kwenye harusi ya jirani, amejipamba hasa. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kabezi, na zilibaki wiki tatu mahari iletwe. Shangazi akaifukua picha yake ya mwaka jana, akaziweka pamoja, akachora duara jekundu mabegani.

“Muone gauni inavyomwanguka. Huyu mutoto iko anaisha. Apimwe ile ugonjwa mbele ya mahari.”

Pole zikamiminika. Mjomba mwingine, mwenye michikichi yake Kizuka, akaanza kumwombea kama marehemu. Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa imefika Kabezi.

Gauni lilikuwa langu. Nilimwazima mwenyewe, gauni la mwanamke wa kilo tisini, naye akalibana kwa pini mgongoni. Sentensi moja ingemaliza yote. Niliiandika, nikaifuta. Sikutaka kicheko kihamie kwenye kiuno changu na, niseme ukweli, nilikuwa nafurahi. Miaka yote msichana yule alisifiwa uzuri mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati.

Akaenda kupima. Akapiga picha karatasi ya majibu, akaituma kwenye grupu: hana kitu. Shangazi hakuchelewa.

“Karatasi inanunuliwaka.”

Watu wa Kabezi wakamtuma mzee mmoja aseme kwamba watasubiri kidogo. Walisubiri miezi miwili, kisha kijana wao akaoa Bugarama.

Wiki iliyofuata binti wa mjomba alikuja kwangu na gauni, amelifua, amelipiga pasi, amelikunja ndani ya mfuko. Sasa alikuwa amekonda kweli.

“Murakoze sana, dada,” akaniambia. “Mu grupu yote, ni wewe peke yako hukuandika kitu.”

Nikamwambia asijali. Alipoondoka nililikunjua gauni nikakagua mgongoni, kuona kama pini zake zimelitoboa.