Marehemu Namba Arobaini na Saba

Kama umewahi kuvunjika mguu kati ya Mikese na Mkuyuni miaka hii ya karibuni, Winfrida anakujua. Anajua ni mguu upi, ulikuwa umebeba nini na nani alikuokota. Ukijificha atakutafuta, na atakupata, maana kazi yake ndiyo hiyo: kuwafuatilia watu walioingizwa kwenye utafiti wa ajali za pikipiki, mpaka ijulikane kila mmoja alianza lini kutembea bila fimbo.

Ni mama wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Alizaliwa mlimani, Kinole, akauza ndizi miaka mingi, akawa mhudumu wa afya wa kijiji, kisha watafiti wakamchukua kwa sababu moja tu: wao walikuwa wakiwatafuta wagonjwa kwa anwani, yeye aliwatafuta kupitia shangazi zao. Sasa anaishi Bigwa, ana bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, na daftari lenye jalada la maua ambalo hamwazimi mtu. Humo kila mgonjwa ana mstari wake, na mwisho wa mstari ni tarehe aliyomwona mara ya mwisho kwa macho yake.

Tarehe hizo ndizo zilizompatanisha na Abdulmajid, kijana wa takwimu. Mwanzoni hawakuelewana hata kidogo, kwa kuwa Winfrida aliona ni utovu wa adabu kumpa mtu namba badala ya jina. Siku moja Abdulmajid akamchorea ngazi inayoshuka.

"Hapa juu, mama, wote wana fimbo. Kila mmoja akiitupa fimbo yake, ngazi inashuka kidogo."

"Na aliyehama asionekane tena?"

"Huyo hatusemi amepona, wala hatusemi ameshindwa. Tunamhesabu pamoja na wenzake mpaka siku uliyomwona wewe mara ya mwisho. Hapo tunaweka alama ndogo, tunamwacha. Siku alizokuwa nasi hazipotei."

Winfrida alilipenda jambo hilo kuliko alivyotegemea. Kumbe hesabu ina adabu kuwashinda majirani wengine, ambao ukikaa kimya wiki mbili wamekwisha kukusemea. Akaapa kumletea Abdulmajid tarehe za kweli tupu, na kwa miaka mitatu hakuvunja kiapo. Isipokuwa kwa mtu mmoja.

Namba arobaini na saba alikuwa Athanas, dereva wa bodaboda kutoka juu ya Kinole, aliyegongwa Mikese akiwa na tenga la mananasi. Mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ulikatika mara mbili, ukatiwa vyuma. Siku ya kwanza kitandani alimuuliza Winfrida ukoo wa mama yake, na alipojibiwa akapiga yowe la furaha, wodi nzima ikageuka. Koo zao zilikuwa watani tangu enzi za mababu! Kuanzia hapo hakumwita tena kwa jina.

"Mtani, umekuja kunipimia jeneza?"

"Seremala yuko shambani. Vumilia kidogo."

Mwezi wa sita tangu ajali, Athanas hakuja kliniki. Ilikuwa masika, barabara ya mlimani ilikuwa matope matupu, na Winfrida alikuwa na watu thelathini wa kuwapigia simu. Baada ya siku kadhaa simu ya Athanas ikapokelewa. Mtandao ulikuwa unakwaruza. Sauti nzito ikasema ni ndugu yake, na kwamba Athanas wamemzika Jumanne.

Winfrida alilia kidogo. Akapiga ishara ya msalaba, akajaza fomu ya kifo, akaendelea na namba arobaini na nane.

Miezi miwili ikapita. Jumatano moja Abdulmajid akamwita. Ijumaa saa sita mchana takwimu zote zingefungwa, na baada ya hapo hakuna kitakachobadilika.

"Mama, huyu arobaini na saba hana tarehe ya kifo. Ilikuwa Jumanne ipi? Na nani alikupa habari?"

"Ndugu yake."

"Anaitwa nani?"

Winfrida akalipekua daftari lake. Hakuuliza. Yeye, Mluguru wa kuzaliwa, anayejua kwamba mtani anaweza kukuzika mara tatu kwa wiki nawe umekaa unakula ugali! Neno la ndugu ni habari, neno la mtani ni mchezo, na yeye hakutaka hata kujua anaongea na nani.

"Basi tumwandike amepotea," alisema Abdulmajid kwa upole. "Tutaweka alama siku uliyomwona mara ya mwisho. Si kosa."

"Kwenu si kosa. Mimi ama nimemuua mtu aliye hai kwa kalamu, ama nimemwacha mtani wangu azikwe bila kufika. Nakwenda mwenyewe."

Alhamisi asubuhi alifunga safari na kilo mbili za sukari na kanga ya rambirambi, maana hakujua anakwenda kwenye msiba au kwenye utani. Alishuka Mkuyuni, akakodi pikipiki hadi Kinole, kisha akapanda mlima kwa miguu. Alipofika kwenye migomba ya kina Athanas akasikia kilio cha msiba kutoka juu.

Dada mmoja alikuwa anashuka na ndoo tupu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kafariki, mwanangu?"

"Bibi Anastasia. Alikuwa na miaka tisini na kitu."

Winfrida akamshukuru Mungu, papo hapo akaona aibu, kwa kuwa Bibi Anastasia alikuwa wa ukoo wake mwenyewe. "Na Athanas wa bodaboda, yuko?"

Yule dada akajiziba mdomo kwa kanga. "Athanas yuko kaburini," alisema, akaenda zake kuchota maji huku mabega yakimtikisika.

Alikuwa analia au anacheka? Winfrida hakungoja kujua. Alipanda mbio kama msichana mpaka makaburini, akakuta jeneza limetua pembeni, katekista anatazama saa, na watu wamelizunguka shimo wakifuta machozi ya vicheko.

"Sitoki!" ilisema sauti kutoka chini. "Bibi huyu amekula ndizi zangu miaka ishirini, leo anataka na nyumba yangu? Leteni jogoo!"

Ndivyo watani walivyo huko. Mmoja hulala kaburini mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu, na msiba unapata pa kupumulia. Winfrida alijipenyeza hadi ukingoni, akainama. Athanas alikuwa amelala chali, unga usoni, mikono kifuani.

"Athanas! Wewe si umekufa?"

Akafungua jicho moja. "Miezi miwili sasa! Si nilikwambia mwenyewe kwenye simu? Nikakaa nakungoja uje unipake majivu tucheke. Mtani gani wewe, unapata habari ya msiba unanyamaza?"

Watu wakaangua kicheko. Winfrida naye alicheka, lakini neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Fomu aliijaza dakika ileile. Kwenda, hakwenda.

"Pole nimekuja nayo," alisema, akainua mfuko. "Sukari kilo mbili. Ni ya kifo chako, na ikutoe humo."

Athanas akadai na kanga, akapewa. "Kufa kufaana," alisema, akasimama. Mikono mingi ilinyooshwa kumvuta, akaikataa yote. Winfrida hakuangalia uso wake. Aliangalia mguu wa kulia tu. Athanas aliukita kwenye ukuta wa udongo, akauachia uzito wote, akatoka. Kisha akaenda, bila fimbo, akashika jeneza la Bibi Anastasia pamoja na wanaume wengine.

"Fimbo uliiacha lini?" Winfrida alimuuliza baada ya mazishi, daftari mkononi.

"Sikukuu ya Kupaa. Nilikwenda kanisani kwa miguu, muulize katekista." Katekista akaitikia kwa kichwa. "Nije kliniki kufanya nini, mtani, na mguu umepona?"

Winfrida alitafuta kilima chenye mtandao, akampigia Abdulmajid. "Namba arobaini na saba ni mzima. Anatembea tangu Sikukuu ya Kupaa."

"Una hakika, mama?"

"Nimemwona akitoka kaburini kwa miguu yake."

"Hiyo nitaiandikaje?"

"Andika tarehe, mwanangu."

Athanas alimsindikiza mpaka mwisho wa migomba, akimbebea mkoba. Hapo akasimama, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake haukuwa na utani.

"Sasa, mtani, siku nikifa kweli utajuaje?"

"Nitakuja," alisema Winfrida.