Nilivyonyamazia ujumbe wa beji kwa sababu ya wivu

Wakuu, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni nyanya wa wajukuu tisa, niko hapa Eldoret. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mtanivumilia nikikosea kuandika. Lakini hii nawaambia ni ukweli mtupu, hata kama inaniaibisha.

Mimi napika chai kwa kampuni ya kutengeneza sweta za shule. Nimekaa hapo miaka kumi na nne, na wananiita Gogo au Shosh, yote maana yake ni nyanya.

Kuna department tatu. Knitting, mkubwa wao ni Kiptoo. Sewing, mkubwa ni Njeri. Packing ni ya Odhiambo.

Sasa hawa watu walikuwa hawaongei. Knitting na sewing walikosana kitambo juu ya mashine moja ya overlock, ile ya kufunga kingo za nguo, na kila mtu akawa anakunywa chai kwa room yake.

Anayeingia kote ni nani? Ni mimi na birika.

Kwa hivyo maneno yote ilipitia kwangu. Kiptoo ananiambia, napelekea Njeri. Njeri anajibu, narudisha. Odhiambo alikuwa ananivutia kiti kabisa: "Gogo, kaa kidogo, huko kwingine wanasemaje?"

Wakuu, nisiwadanganye, hiyo kitu ilikuwa tamu. Najua jina ya kila mtu hapo, na ya watoto wao, na nani alizaliwa wapi.

Halafu akaletwa manager mpya, Mercy, msichana wa umri wa mjukuu wangu Jelagat. Wiki ya kwanza akatundika board kwa ukuta. Akasema kila asubuhi tunasimama wote dakika kumi, kila department inasema inafanya nini na imekwama wapi. Na chai ya saa nne tunakunywa pamoja, meza moja.

Mwezi haukuisha, Kiptoo na Njeri wakaanza kucheka pamoja. Hapo mbele yangu.

Mimi namimina chai, hakuna mtu ananiuliza kitu. Mercy anasifiwa kila siku. Nilikuwa naangalia hiyo board natamani ianguke.

Sasa siku moja, meeting ya asubuhi ikiwa imeisha, Kiptoo akapigiwa simu na shule yenye tulikuwa tunashonea. Wamebadilisha beji. Nikampata mlangoni na birika yangu, na kwa ile mazoea ya zamani akaniambia, "Gogo, ukipita sewing mwambie Njeri asishone zile beji za kwanza, mpya zinakuja kesho."

Nikasema sawa.

Nikaingia sewing. Njeri alikuwa ameinama kwa mashine, beji ziko pale kando yake. Nikamwekea chai, nikatoka.

Nilijiambia, si wako na board, board iwaambie.

Kesho yake sweta mia tatu zilikuwa na beji mbaya, na shule ilikuwa inazitaka Jumatatu. Mercy akafuta likizo zote. Na Njeri alikuwa ameomba Ijumaa na Jumamosi aende Nyahururu, kwa ruracio, ile sherehe ya mahari, ya binti yake Wambui, mtoto wake wa pekee. Sherehe yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Njeri akamuuliza Kiptoo mbona hakutuma neno. Kiptoo akaniangalia mara moja tu. Akasema, "Labda nilisahau. Ni makosa yangu."

Wakuu, afadhali angenitaja.

Nilirudi jikoni lakini hata maji ya chai sikuweka motoni. Asubuhi iliyofuata nikasimama na wengine, nikasema ni mimi. Kiptoo alinituma na nikanyamaza makusudi.

Mercy akauliza kwa upole, "Kwa nini, Gogo?"

"Wivu," nikamwambia. "Ulinichukulia kazi yenye hukujua nilikuwa nayo."

Hakuna mtu alicheka. Kiptoo akazima mashine za knitting, akachukua wembe, akaketi sewing kufumua zile beji. Odhiambo akaleta watu wake. Na mimi nikaketi na miwani yangu. Ijumaa saa sita tulikuwa tumemaliza, beji mpya zimeshonwa, Njeri akakimbilia stage ya matatu.

Kabla atoke alinishika mkono. "Shosh, nimekusamehe," akasema. "Lakini neno langu halitapitia kwako tena."

Hajawahi kunituma kitu tangu siku hiyo, na ni haki yake.

Mimi nimejifunza hivi. Kama wewe ndiye unabeba maneno ya watu kazini, usifurahie wakikosana ndio wakuhitaji. Na nyinyi mameneja, mkileta mpango mpya, ulizeni kwanza ile kazi ilikuwa inafanywa na nani, hata kama haijaandikwa popote.

Wivu haijaisha, sitawadanganya. Kila asubuhi nasikia wakiambiana wenyewe kwa wenyewe, na roho inaniuma kidogo. Namimina tu chai.

Kuna mwingine hapa amewahi kufanya kitu kama hii kazini? Niambieni mlifanya nini baadaye. Hata wa kunikemea, karibu, nitasoma yote.